Lenzi Isipolia Haijakaa

Jumamosi, mwezi wa tano. Mvua ilianza saa tisa alasiri na bado inapiga mabati. Nimechoka, nimekasirika, na kuanzia leo mchana nina aibu pia, kwa hiyo nivumilie, shajara, maneno yasiponyooka.

Wacha nianze na hasira, kwa sababu ndiyo iliyotangulia.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni fundi wa miwani. Sipimi macho, ingawa watu huniita daktari. Daktari wa kweli hupima kwingine, mteja hutuletea karatasi yake, nasi tunakata lenzi na kuzipachika kwenye fremu. Sisi ni mimi na Baba, katika duka letu dogo hapa Nakuru mjini, alilolifungua kabla sijazaliwa. Babu alikuja na reli kutoka pwani akabaki huku kwenye baridi, na Baba akaamua riziki yake iko kwenye macho ya watu. Mimi nilienda chuo kusomea kazi ambayo tayari alikuwa amenifundisha, na tangu nirudi hatujawahi kuelewana namna ya kuifanya.

Jumatatu asubuhi aliingia Mzee Njoroge. Huyu ni mchonga mawe wa Gilgil, wale wanaochonga mawe ya kujengea kwa nyundo na patasi. Jicho lake la kushoto liliharibiwa na kipande cha jiwe miaka mingi iliyopita. Amebaki na la kulia. Mtu wa jicho moja huwezi kumpa kioo cha kawaida. Unampa plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, ambayo jiwe likiirukia hubonyea badala ya kuvunjika vipande. Kazi yote ya kulilinda lile jicho machimboni inafanywa na hiyo lenzi peke yake.

Sasa lenzi yenyewe ilikuwa imepasuka. Mara ya pili, na pahali palepale pa kwanza, kwenye kona ya upande wa sikio. Ufa mwembamba sana, lakini lenzi yenye ufa hailindi chochote.

"Daktari, hii kitu imepasuka tena!" alisema, na kusema kwake ni kupiga kelele, maana nyundo za machimbo zimemzoesha hivyo. Baba anampenda sana. Wakikaa pamoja kwenye benchi hupiga soga mpaka mama wa mahindi choma ng'ambo ya barabara anajua habari zao zote.

Nikafanya kitu ambacho sijivunii. Nilimuuliza kama aliikalia miwani. Akaapa kwamba hakuikalia. Nikamwambia, mzee, miwani haipasuki yenyewe, kuna kitu umeifanya. Akavaa miwani yake ya kale iliyokwaruzika na kusema atarudi Jumamosi kuchukua nyingine. Alipofika mlangoni akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akasema kwa sauti ya kawaida.

"Hili jicho likienda, mimi sina spea."

Sikulala vizuri.

Jumanne nikawapigia simu wanaotuuzia lenzi kule Nairobi. Aliyepokea akaniambia hakuna fundi mwingine aliyelalamika, kisha akaniuliza kama tunasafisha lenzi kwa thina. Thina! Kana kwamba sisi ni wapaka rangi ya malango. Nilikata simu kabla sijatukana.

Ndipo nikakumbuka kisanduku tulichokuwa nacho chuoni, cha kuangalia mkazo ndani ya plastiki. Sina kisanduku hicho na sitakipata leo wala kesho, lakini nina kompyuta ya dukani na nina miwani ya jua ya polaroidi, ile ambayo madereva wa malori hununua kwa ajili ya mng'ao wa lami. Mwanga unaotoka kwenye skrini ya kompyuta umeshapangwa kuelekea upande mmoja. Ukivaa polaroidi na kuinamisha kichwa, utafika mahali ambapo skrini nzima inakuwa nyeusi kabisa, kwa sababu lenzi za miwani zimeuzuia mwanga wote. Sasa weka kipande cha plastiki angavu katikati. Plastiki iliyotulia haibadilishi kitu, giza linabaki giza. Plastiki inayosukumwa au kuvutwa hupindua mwanga, na mwanga uliopinduliwa unapenya ukiwa na rangi.

Nilifungua ukurasa mweupe, nikavaa polaroidi, nikaiinua miwani ya Mzee Njoroge mbele ya skrini. Kwenye ile kona palikuwa na rangi zimebanana mpaka nikasema Subhanallah kwa sauti.

Furaha yangu ilidumu kama dakika tano. Nilichukua lenzi mpya kutoka kwenye pakiti, haijaguswa na mtu, nayo pia ina rangi pembeni! Nikachukua nyingine. Ina rangi. Plastiki hizi humiminwa kwenye kalibu zikiwa moto na kupoa kwa haraka, na mkazo wa kuzaliwa hubaki mahali plastiki ilipoingilia. Kwa hiyo kila lenzi ina rangi, na mimi nimethibitisha nini? Sifuri.

Na hapo ndipo Shiro alipoingia. Shiro ana kibanda cha kutengeneza simu mlango wa pili, na ni rafiki yangu, lakini hana adabu na sayansi. Alipoona rangi alienda akarudi na kava za simu, kijiko cha aiskrimu, rula na sanduku la kaseti la babake. "Wueh! Hii ni kama taa za matatu ya Rongai!" Baada ya hapo duka likajaa watu wa vibanda vya jirani, kila mmoja na plastiki yake. Mama mmoja aliyekuja kununua kamba ya miwani aliniambia anataka yake iwe na hizo rangi. Nikamweleza kwamba rangi ni ugonjwa. Akasema hajali, anapenda ile ya waridi.

Baba muda huo wote alikuwa amekaa pembeni na redio yake ikivuma. Nilimwita mara tatu aje aone. Hakugeuka hata shingo.

Hapa lazima niieleze sheria ya Baba, maana bila hiyo hutaelewa nilivyokasirika. Enzi za vioo vya kweli na fremu za chuma, wateja wake wengi walitoka Molo, Elburgon, kule juu ambako barabara zilikuwa mashimo matupu. Mtu anapanda gari na miwani, anashuka na fremu. Baba akaanza kukata lenzi kubwa kuliko fremu kidogo tu, unywele mmoja, anavyosema. Halafu anaipasha fremu moto, anainamisha kichwa, na kuisukuma lenzi ndani kwa dole gumba. Ikiingia, husema ta! Hiyo ta ndiyo muhuri wa duka letu. Lenzi isipolia haijakaa. Siku hizi mimi ndiye ninayekata, lakini hakuna miwani inayotoka dukani kabla yeye hajaisukuma mwenyewe. Isipolia anairudisha kwangu. Kata nyingine, ongeza. Na mimi huzungusha namba ya mashine na kukata nyingine, kwa sababu yeye ni Baba.

Jumatano akili ikanijia. Niliipasha fremu ya Mzee Njoroge, nikaitoa lenzi yake, nikaiangalia ikiwa peke yake. Rangi za pale ilipomiminwa zilikuwepo. Rangi za kona zilikuwa zimetoweka, umebaki ufa tu. Nikairudisha ndani ya fremu, zikarudi. Nikaitoa tena, zikaondoka.

Rangi iliyobaki ni ya kiwandani. Rangi iliyoondoka ni yetu.

Nilienda nikasimama mbele ya Baba, nikazima redio, nikamwambia fremu ndiyo inayoiumiza lenzi. Akafikiri, akasema, "Mzee wa watu anavua miwani kwa mkono mmoja. Anavuta fremu, fremu inavuta lenzi. Mwambie avue kwa mikono miwili." Akaiwasha redio. Na kusema kweli, hilo jibu halikuwa la kijinga. Rangi zilinionyesha kwamba kuna mkazo, hazikunionyesha kama ni wa kuvuta au wa kusukuma. Ukiwa wa kuvuta, kosa ni la mteja. Ukiwa wa kusukuma, lenzi ni kubwa mno na kosa ni letu.

Chuoni, ili kujua hilo, tulikuwa tunaongeza karatasi moja angavu ambayo huuchelewesha mwanga kidogo, kwa kipimo maalum. Mwalimu aliiita bamba la mawimbi. Mimi bamba la mawimbi nitalitoa wapi Nakuru? Lakini Alhamisi Shiro aliletewa waridi na mtu ambaye hataki kumtaja. Waridi za Naivasha, zimefungwa kwenye nailoni ile angavu inayochakarika. Niliyavua yale maua nailoni yake kabla hajayanusa. Nikaikunja nailoni tabaka mbili, nikaiweka kimshazari mbele ya skrini, na lile giza lote likageuka zambarau, laini, sawasawa kila mahali. Nilitaka kulia kwa furaha. Shiro alitaka nailoni yake.

Jinsi inavyofanya kazi ni hivi. Nilikata ukanda mwembamba kutoka kwenye lenzi nyingine mbovu, nikaulaza sambamba na ile kona, nikaukunja taratibu kwa vidole. Kitu kikikunjwa, upande wa nje unavutwa na upande wa ndani unabanwa. Juu ya zambarau, upande wa nje ukawa buluu, na wa ndani ukawa manjano. Nilirudia mpaka vidole vikauma. Kuvuta ni buluu, kubana ni manjano.

Kisha nikaiinua miwani ya Mzee Njoroge.

Manjano. Kona nzima.

Niliwaita watu wote niliokuwa nimewafukuza Jumanne waje wawe mashahidi. Nikamwambia Baba mbele yao kwamba ni sisi, tunakata lenzi kubwa mno, tunazipachika zikiwa zimebanwa, halafu tunawalaumu wateja. Nilimpa polaroidi aangalie mwenyewe. Hakuichukua. Alisema tu, "Nimekata hivi miaka thelathini, hazikupasuka." Nikapandwa na mori. Nikamwambia, mbele ya umati wote huo, mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Nilimwambia hivyo baba yangu mzazi, ndani ya duka lake.

Akaongeza sauti ya redio.

Kumbe lile jibu lake lilikuwa swali, na mimi sikuliona. Miaka thelathini anakata unywele mmoja, na hazikupasuka. Kwa nini zipasuke sasa?

Jana nilifungua droo ya miwani za kale na zilizorudishwa ili kumkomoa, nipate ushahidi zaidi. Yangu mwenyewe ya wakati wa chuo, aliyonitengenezea yeye, ilikuwa zambarau safi karibu mpaka ukingoni. Za miaka michache iliyofuata zilikuwa na manjano kidogo. Za mwaka jana zaidi. Za mwaka huu zilikuwa zimefura manjano. Nikaandika kwenye daftari langu: kiburi chake kinakua na umri. Niliandika hivyo, sifuti. Baba alikuwa ametoka kuswali Ijumaa na alikuwa ananung'unika kwamba khatibu siku hizi hatoi sauti. Sikumjibu. Nilikuwa nimemnunia.

Leo.

Nilifika mapema nikakata lenzi mpya ya Mzee Njoroge, saizi ya fremu kamili, bila unywele. Nilitaka kuipachika mwenyewe, lakini Baba alinyoosha mkono kama kila siku, nami nikampa. Shiro alikuwa kwenye kaunta, anasubiri nimkazie skrubu ya miwani yake. Baba aliipasha fremu, akainamisha kichwa, akasukuma kwa dole gumba.

Ta!

Safi kabisa. Mimi niliisikia nikiwa kwenye mashine.

Baba akatikisa kichwa. "Haijalia. Kata nyingine, ongeza."

"Imelia, Baba."

Akaitoa, akaipasha tena, akasukuma. Ta! "Haijalia," alisema.

Damu ilinipanda kichwani. Nilikuwa nimefungua mdomo kumwambia yote ya wiki nzima, na mengine ya miaka iliyopita, Shiro akaniwahi.

"Ai, mzee, si imelia? Hata mimi nimeskia na niko huku."

Baba alimtazama Shiro. Kisha akanitazama mimi. Hakuwa anatutazama machoni.

Alikuwa anatazama midomo yetu.

Nilikaa kwenye kigoda cha wateja. Redio inayovuma. Khatibu asiyetoa sauti. Mara tatu nilizomwita Jumanne. Rafiki yake mkubwa ni mtu anayezungumza kwa kupiga kelele. Na lile manjano, linazidi mwaka hadi mwaka. Baba hakuwa na kiburi. Alikuwa anaisubiri ta yake kama alivyoisubiri siku zote, na kila mwaka ta ilibidi iwe kubwa zaidi ndiyo imfikie, na ili iwe kubwa, lenzi ilibidi ibanwe zaidi. Na aliyekuwa akizungusha namba ya mashine, kila mara alipoambiwa ongeza, ni mimi. Nina cheti cha chuo ukutani na sikuwahi kuuliza kwa nini siku hizi tunaongeza mara mbili, mara tatu.

"Imelia kweli?" aliniuliza. Nikaitikia kwa kichwa.

Akaiweka ile miwani mezani taratibu, akafuta mikono yake, ingawa haikuwa na kitu. Halafu Baba alinyoosha mkono akachukua polaroidi aliyoikataa Alhamisi, akaivaa, akaenda mbele ya skrini na ile nailoni ya waridi. Aliinua ile iliyopasuka. Aliinua ile mpya. Akarudia, polepole, akiigeuza kona kwa kona. Macho yake ni mazima kuliko yangu. Alipomaliza akasema, "Hii ni nzuri," akimaanisha mpya, na akaifungia kwenye kibweta chake.

Mzee Njoroge alifika na mvua. Nilisimama nikamwomba radhi, na kwa kuwa ni yeye ilibidi nipige kelele: MZEE, KOSA NI LETU, WEWE HUKUIKALIA MIWANI! Akacheka mpaka akakohoa. "Si mimi nilikuambia, daktari?" Nina hakika hata mama wa mahindi alisikia nikikiri, na ni sawa, alistahili kusikia. Baba ndiye aliyemvalisha. Kwa kawaida huwa anasema, "Imelia, nenda salama." Leo alisema, "Nimeiangalia mwenyewe."

Mzee alipoondoka nilimwambia Baba kwamba Jumatatu tutaenda kupimwa masikio. Unajua alisema nini? Masikio yake ni mazima, ni sisi tunaonong'ona! Mtu huyu miaka thelathini amewabembeleza walimu, wachungaji na mabibi harusi wakubali kuvaa miwani, akiwaambia hakuna aibu katika kiungo kilichochoka. Nilimkumbusha. Akasema macho ni kitu kingine. Huyu mzee ataniua kwa ukaidi, siwezi.

Kwa hiyo haya ndiyo niliyoamua. Jumatatu nitaanza kuwapigia simu wateja wote wa lenzi ngumu wa mwaka huu, mmoja mmoja, warudi tuwaangalie bila malipo. Shiro atanunuliwa waridi nyingine. Na masikio ya Baba yatapimwa hata kama nitamburuta.

Kuna jingine. Tulipokuwa tunafunga duka, alikuwa ameinama anakaza kufuli, mimi nikiwa nyuma yake na funguo. Maneno yalinitoka bila kujipanga. Nilimwambia, Baba, nisamehe kwa ya Alhamisi.

Hakugeuka. Alimaliza na kufuli, akainua kola ya koti, akaniuliza kama nimebeba mwavuli.

Kesho asubuhi, akiwa anakunywa chai yake, nitavuta kiti nikae mbele yake karibu na dirisha penye mwanga, nisubiri anitazame, halafu nimwambie tena.